Mdomo Hautulii

Lipstiki ni nta, mafuta na rangi vilivyogandishwa pamoja katika kijiti. Ikipakwa vibaya, anayejifunza hulaumu mkono wake kwanza. Rangi ikivuka ukingo, ikijikusanya pembeni au ikibaki mabaka mabaka, husema hajazoea bado. Mara nyingi mkono hauna hatia. Mkono huohuo huandika jina, huchora hina kwenye kiganja cha mwenzake, hutia uzi kwenye tundu la sindano, na kufuata mstari wa mdomo si kazi ngumu kuliko hizo. Ugumu unatoka kwingine: kwenye ngozi iliyokauka, kwenye rangi isiyomfaa mpakaji, kwenye mwanga unaodanganya, na kwenye mdomo wenyewe, ambao hautulii. Jicho hufumbwa likasubiri wanja, kucha hutandazwa mezani zikasubiri rangi. Mdomo husema, hula, hunywa, hucheka, na mwenyewe huulamba bila kujua.

Ngozi ya mdomo haifanani na ya shavu. Tabaka lake la juu ni jembamba mno, haina vinyweleo wala tezi za jasho, na tezi za mafuta ni chache au hazipo kabisa, kwa hiyo haiwezi kujilainisha yenyewe. Upepo mkavu, kiyoyozi cha ofisini na kushinda bila kunywa maji huikausha upesi. Kuilamba hakusaidii. Mate yanapokauka huondoka na unyevu uliokuwepo, na vimeng'enya vilivyomo, ambavyo kazi yake ni kuanza kusaga chakula, huikera ngozi. Matokeo ni magamba madogo yasiyoonekana kwa mbali lakini yanayodaka rangi kuliko ngozi iliyo nzima. Mabaka ya lipstiki huanzia hapo, kabla kijiti hakijafunguliwa.

Ukingo wa mdomo nao una umbo lake. Pale ngozi ya uso inapokutana na ya mdomo kuna mwinuko mdogo, na ncha ya kidole ikipitishwa polepole huuhisi. Mdomo wa juu una vilele viwili chini ya kifereji kinachoshuka kutoka puani. Wa chini una mviringo mmoja. Ni wachache ambao upande wao wa kulia unalingana kabisa na wa kushoto, na anayejitazama kwenye kioo kwa makini kwa mara ya kwanza hushtuka kidogo. Kwa Waafrika wengi kuna jambo jingine ambalo maelekezo mengi ya urembo hulipita bila kuligusa: mdomo wa juu ni wa kahawia iliyokolea, wa chini una uwaridi katikati, na ukingo ni mweusi zaidi ya vyote viwili. Rangi moja ya lipstiki ikipakwa juu yake hutoka rangi mbili. Mpakaji huongeza tabaka, halafu jingine, hadi rangi inakuwa nzito na kuanza kuteleza, ilhali tangu mwanzo hakukosea kupaka.

Kudai ukingo mkali usio na doa si jambo la kale sana. Katika pwani ya Afrika Mashariki midomo ilitiwa wekundu kwa tambuu kwa karne nyingi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa sahani yenye majani ya tambuu na popoo, kwa heshima ya mgeni. Jani hutafunwa pamoja na popoo na chokaa, na ni mchanganyiko huo unaotoa wekundu. Rangi ya tambuu ilitoka ndani ya kinywa kuja nje, ikafifia yenyewe kabla ya kufika ukingoni, na hakuna aliyeulizwa kama ameipaka sawasawa. (Popoo leo inajulikana kusababisha saratani ya kinywa, inatajwa hapa kama historia, wala si pendekezo.)

Huko Ulaya na Marekani pia rangi ilikaa kwanza kwenye vikopo, ikapakwa kwa kidole au brashi. Kampuni ya Guerlain ya Paris ilianza kuuza rangi ya mdomo yenye umbo la kijiti mwaka 1870, na mwaka 1923 James Bruce Mason wa Nashville, Marekani, alipata hataza ya kichupa cha kuzungusha, kile ambacho kijiti hupanda na kushuka ndani yake hadi leo. Kuanzia hapo mwanamke aliweza kujipaka popote, hata barabarani, bila kuchafua vidole. Sinema ikaongeza jambo la pili: sura kubwa juu ya kitambaa, ambayo kosa lake huonekana na ukumbi mzima. Taa za studio zilikuwa kali kiasi cha kuyeyusha rangi kwenye pembe za midomo ya waigizaji. Inasimuliwa kwamba Max Factor, mpambaji maarufu wa Hollywood, alifunika midomo kwa faundesheni, akabandika alama mbili za dole gumba juu na moja chini, kisha akamalizia kwa brashi, huku pembe zikiachwa bila rangi. Ukatokea ule mdomo mdogo wa filamu zisizo na sauti. Mtindo ulioigwa na wengi ulianza kama dawa ya joto. Anayejipaka Dar es Salaam mwezi wa Februari, umeme umekatika na feni imesimama, ana tatizo lilelile la studio ya Hollywood, na dawa ileile bado inamfaa: rangi ikae katikati, pembe ziachwe na kiasi kidogo.

Joto linadhuru kwa sababu ya kilichomo ndani ya kijiti. Nta ya nyuki, au ya karnauba inayokwanguliwa kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende huko Brazili, hukipa kijiti ugumu wa kusimama. Mafuta, mara nyingi ya mbarika, hukifanya kiteleze juu ya ngozi. Rangi hutoka kwenye oksidi za chuma, kwenye rangi za kutengenezwa maabara, au kwenye wadudu wadogo waishio kwenye mipungate, ambao Peru ndiyo huwafuga kwa wingi. Mafuta yakizidi nta, lipstiki hung'aa na kusafiri: hufuata vijistari vya ngozi kutoka mdomoni kwenda nje, na baada ya saa moja ukingo uliokuwa safi huwa na vinywele vyekundu. Nta na unga wa rangi vikizidi mafuta, lipstiki haing'ai, haisafiri, lakini huukausha mdomo na kulifichua kila gamba. Hakuna kijiti kilichokwepa mapatano hayo, hata kiwe cha bei gani.

Kwa sababu hiyo aina ya lipstiki ni uamuzi wa kwanza, na walio wengi huukosea. Anayeanza huvutiwa na ile ya majimaji isiyong'aa, inayosifiwa kwamba haitoki siku nzima. Hiyo ndiyo asiyopaswa kuanza nayo. Ndani yake mna kiyeyushi chepesi kinachopaa hewani kwa muda mfupi na kuacha utando uliogandama. Kosa likishatokea, muda wa kulirekebisha umekwisha. Lipstiki ya krimu, ile ya kijiti cha kawaida, humvumilia mwanafunzi. Hufutika, husambazika kwa kidole, hukubali tabaka la pili. Lipshine huvumilia zaidi, ila haimfundishi mtu ukingo, maana haina rangi ya kutosha kuuonyesha.

Uamuzi wa pili ni rangi. Nyekundu kali ndiyo ndoto ya wengi na ndiyo isiyosamehe, kwa kuwa tofauti kati yake na ngozi ni kubwa na mpito wa milimita moja huonekana kutoka ng'ambo ya chumba. Rangi iliyo karibu na ya mdomo wenyewe, iliyokolea kidogo tu, huficha kosa hilohilo. Hapa mnunuzi mwenye ngozi nyeusi alinyimwa kwa muda mrefu. Kilichoitwa rangi ya asili madukani kilikuwa asili ya mtu mwingine: waridi hafifu au rangi ya mchanga, iliyochanganywa na unga mweupe wa titani, ambayo juu ya ngozi ya kahawia huacha sura ya chaki. Wanamitindo wa maonyesho ya Ebony Fashion Fair nchini Marekani walilazimika kuchanganya vipodozi wenyewe ili vilingane na ngozi zao. Eunice Johnson, aliyeyaongoza maonyesho hayo, aliliona hilo, na mwaka 1973 vipodozi vya Fashion Fair vikaingia sokoni. Mwaka 1994 Iman, mzaliwa wa Mogadishu aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi, akaanzisha vyake. Leo kahawia ya chokoleti, rangi ya zambarau iliyoiva na nyekundu ya matofali zinapatikana hata kwenye meza za Kariakoo. Mwanafunzi aanze na mojawapo ya hizo. Nyekundu itamsubiri.

Mdomo wenye rangi mbili husawazishwa kwanza, ndipo hupakwa. Wapambaji wengi hukimbilia konsila na kuupausha mdomo wa juu ufanane na wa chini. Njia hiyo hufanya kazi studioni, mbele ya taa za picha, lakini kwa matumizi ya kila siku huishia kwenye ujivujivu, kwa kuwa kupausha kunahitaji weupe. Kukoleza ni rahisi kuliko kupausha. Penseli ya kahawia ikijazwa taratibu katikati ya mdomo wa chini, pale penye uwaridi, hadi ukaribiane na wa juu, lipstiki yoyote itakayofuata itatoka rangi moja.

Maandalizi huchukua muda mrefu kuliko upakaji, na ndiyo yanayorukwa. Kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu hupitishwa mdomoni kwa mizunguko midogo hadi magamba yaliyolegea yatoke. Sukari iliyochanganywa na asali hufanya kazi hiyo pia, mradi mkono uwe mwepesi. Ngozi nyembamba ikisuguliwa kwa nguvu huchanika, na lipstiki juu ya mchaniko huwasha na kuonekana vibaya. Gamba lililoshika lisivutwe. Kisha hupakwa mafuta ya mgando au nta ya mdomo, na huachwa dakika kumi, muda wa kutosha kujipaka poda na kutia wanja. Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: mafuta hayo yafutwe kwa tishu kabla ya lipstiki. Yakibaki, nta ya kijiti haishiki, huelea juu yake na kuhama. Mwanafunzi aliyeambiwa alainishe mdomo, akalainisha, akapaka juu ya utelezi, huwa ametii nusu ya agizo.

Mwanga mzuri hauna gharama. Dirisha la mchana, uso ukilielekea, huonyesha ukingo wa mdomo pande zote mbili bila kivuli. Balbu moja iliyo darini huacha kivuli chini ya mdomo wa chini, na mpakaji hufuata kivuli akidhani ni ukingo. Kioo kiwe usawa wa macho. Kilichowekwa chini mezani humfanya mtu ainamishe kichwa na kuuona mdomo tofauti na ulivyo. Kilichoshikwa juu nacho hupotosha. Kiwiko kipumzike mezani na kidole kidogo kiguse kidevu, ili uso ukisogea mkono usogee nao. Hilo peke yake huondoa nusu ya mtetemeko. Kujipaka ndani ya daladala ni ustadi wa mwisho, na wapo wanaouweza; wanaongoja gari lisimame kituoni.

Mdomo uwe umelegea, umeachwa wazi kidogo. Tabasamu pana hulivuta umbo, na rangi iliyopakwa juu ya mvuto huo hujikunja na kuacha nyufa mdomo ukirudi. Kijiti kipya kimekatwa mshazari kwa makusudi: ncha yake kali ndiyo inayochora, na ubavu wake ndio unaojaza. Huanzwa kwenye vilele viwili vya mdomo wa juu, mistari miwili mifupi inayokutana katikati chini ya kile kifereji. Hufuata katikati ya mdomo wa chini, juu kidogo ya ukingo wake. Kisha pembe, na hapa mwelekeo una maana: kutoka pembeni kuja katikati, wala si kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kuwa mkono unaosukuma rangi nje hauna pa kusimamia na mara nyingi hupitiliza. Baada ya hapo kunabaki kuunganisha na kujaza, kwa mapigo mafupi. Mstari mmoja mrefu kutoka pembe hadi pembe, kama ule wa kwenye matangazo, ni wa kamera.

Tabaka la kwanza liwe jembamba. Tishu hubanwa katikati ya midomo mara moja, bila kusugua, ili mafuta yaliyozidi yatoke na rangi ibaki, kisha hupakwa tabaka la pili. Anayetaka rangi ikae zaidi huweka tishu juu ya mdomo na kupitisha brashi yenye poda kidogo juu ya tishu hiyo. Chembe chache hupenya na kuikausha. Mwishoni kidole safi huingizwa mdomoni, midomo ikakifumba, kikatolewa polepole. Rangi iliyokuwa upande wa ndani, ile ambayo ingehamia kwenye meno ya mbele wakati wa salamu ya kwanza, hubaki kwenye kidole.

Penseli ya mdomo ina historia yake hapa kwetu. Kwa muda mrefu wanawake wengi wa Afrika Mashariki walizungushia mdomo kwa wanja mweusi wa nyusi na kutia lipshine katikati, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo. Waliolelewa na majarida ya nje huuita mtindo huo uchafu. Wamekosea. Ule ni mstari uliokusudiwa kuonekana, na uliopigwa vizuri unahitaji mkono imara kuliko lipstiki tupu, maana pande mbili zisipolingana hakuna pa kuficha. Kwa mwanafunzi matumizi ya penseli ni mengine: iwe ya rangi inayokaribiana na lipstiki, ichongwe, na ipite kwenye mwinuko wa ukingo wenyewe. Nta ya penseli ni ngumu kuliko ya kijiti, kwa hiyo huzuia mafuta yasisafiri. Kuuchora mdomo mkubwa au mdogo kuliko ulivyo ni somo la baadaye.

Kosa likitokea, kijiti cha pamba kilichochovywa mafuta kidogo hulifuta, na kingine kikavu huondoa mafuta yaliyobaki. Konsila ya rangi ya ngozi ikipitishwa kwa brashi bapa nje ya ukingo husafisha mstari kwa usahihi ambao lipstiki yenyewe haiufikii, na midomo mingi inayosifiwa kwa unadhifu kwenye picha za harusi imetengenezwa hivyo: ilipakwa kawaida, ikasafishwa kwa nje. Anayeona yote haya ni mengi ana njia ya mkato isiyo na aibu. Achovye kidole cha pete kwenye kijiti na kuigonga rangi katikati ya midomo, akiisambaza hadi ifie yenyewe kabla ya ukingo. Pasipo mstari hakuna mstari wa kupinda. Ni karibu na rangi ya tambuu, bila popoo.

Unadhifu uliopatikana mbele ya kioo huanza kupungua pale tu mtu anapoinuka. Mkemia Mmarekani Hazel Bishop alilishughulikia tatizo hili kwa majaribio mengi jikoni kwake, na mwaka 1950 akaanza kuuza lipstiki isiyohamia kwenye vikombe na mashavu ya watu. Waliomfuata wameboresha, lakini chakula chenye mafuta bado huishinda karibu kila aina, kwani mafuta huyeyusha mafuta. Sambusa moja inatosha. Busara ni kupaka tena baada ya kufuta yaliyobaki. Tabaka jipya juu ya mabaki ya mchana hujikusanya pembeni. Mwanamke anayeswali sala tano ana sababu zaidi ya kuchagua aina inayotoka kirahisi: mdomo ni sehemu ya uso unaooshwa katika udhu, na utando unaozuia maji kufika kwenye ngozi hutakiwa kuondolewa kwanza.

Usiku lipstiki hutolewa kwa mafuta, si kwa sabuni. Mafuta ya nazi yakipakwa na kuachwa kidogo huilegeza hata ile iliyogandama, na pamba huibeba bila kusugua. Kijiti chenyewe hufungwa na kuwekwa mbali na jua. Ndani ya gari lililoegeshwa juani kitalainika na umbo lake halitarudi. Kisiazimwe, hata kwa ndugu, maana virusi vya vidonda vya mdomoni husafiri kwa kugusana, na saluni inayotumia kijiti kimoja kwa wateja wote ikwepwe. Tanzania, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango tangu mwaka 2019, na kisicho na jina la mtengenezaji wala tarehe hakistahili kufika mdomoni, kwa kuwa kilichoko mdomoni humezwa. Lipstiki nyingi huwa na alama ya kopo lililo wazi yenye idadi ya miezi ya matumizi. Hata kabla ya miezi hiyo kuisha, lipstiki iliyoanza kunuka mafuta yaliyoharibika au kutoa vitone vya jasho juani itupwe, hata kama imebaki nusu.